Mwewe wa Machi

Huku Stockholm watu wanamngoja mwewe. Nikiwaambia dada zangu kule Kakamega wanacheka mpaka machozi. Mwewe huyu huyu, mwizi wa vifaranga. Lakini Machi ikifika na theluji ikageuka tope, Waswidi hutoka na darubini, na akipita mmoja juu ya paa wanasema baridi imekwisha. Mimi nililelewa kumchukia. Nikiwa na miaka saba alichukua vifaranga wawili nikiwa nimesimama pale pale nawalinda, nikachapwa mimi. Sijamsamehe hadi leo.

Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee huko Upplands Väsby, kitongoji cha Stockholm. Kulikuwa na mzee mmoja niliyemhudumia miaka mitatu, mtu mpole, moyo wake umechoka. Daktari alishasema hatamaliza mwezi. Mzee hakutaka mchungaji wala keki. Alitaka atolewe nje kwenye roshani amwone mwewe wa mwaka huu, basi.

Nikamwomba bosi. Akatazama simu ya kazi, ile inayotupangia hata dakika za kumvisha mtu soksi, akasema kukaa nje hakumo kwenye orodha ya siku. Nikaomba tena Jumatano. Akanijibu kwa tabasamu, na tabasamu hilo ndilo lililonichoma. Nikasema moyoni: mtu anakufa, mama, wewe unanionyesha orodha?

Ijumaa nikasema liwalo na liwe. Nilimfunika mzee blanketi mbili, nikamvisha kofia, nikasukuma kiti chake cha magurudumu mpaka roshani. Tukangoja. Baridi ilikuwa bado inauma, naye akasinzia, kidevu kifuani. Mara nikamwona yule ndege akitokea juu ya misonobari, mkia wa panda, anakuja chini chini kuelekea kwetu bila haraka, na ile jeuri yake ninayoijua.

Mazoea yana taabu. Kabla sijafikiri nilikuwa nimeruka wima, napiga makofi kwa nguvu zangu zote, nafoka kwa Kiswahili: "Toka hapa, mwizi wewe!" Mwewe akageuka ghafla, akapotea nyuma ya jengo. Mzee akafumbua macho, akauliza kuna nini.

"Alikuwa hapa," nikamwambia. "Nimemfukuza."

Afadhali angenitukana. Akasema haidhuru, tutajaribu kesho. Lakini bosi alikuwa ameshapata habari, na kesho yake akanihamishia ghorofa ya chini. Wenzangu niliowaachia mzee niliwasihi wamtoe nje, wakaniambia hawataki matata. Hakutolewa tena. Alifariki Jumanne asubuhi, pazia likiwa limefungwa.

Binti yake alikuja kuchukua vitu vya baba yake, mwanamke wa makamo, macho mekundu. Alishuka kunitafuta. Akaniuliza kama kweli nilimtoa baba yake nje, na kama alimwona mwewe.

Nikasema ndiyo. Nikasema alipita chini kabisa, na mzee alimwona vizuri, mkia na yote.

Akanikumbatia akilia. Nami nimesimama pale nina hasira ya kuvunja mlango, hasira na bosi, na yule ndege, na zaidi ya wote nafsi yangu. Akasema asante kwa kumpa baba jambo hilo la mwisho. Nikamjibu karibu.