Ujumbe wa Kulamawe

Katika klabu yetu ya redio mimi ndiye nilikuwa mwanamke pekee mwenye cheti cha kuendesha redio. Nilijivunia cheti hicho kwa namna ambayo leo inanichoma.

Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali mjini Isiolo. Baba alitoka Meru akaja kufanya kazi huku kabla sijazaliwa, kwa hiyo nilikulia mtaa wa Wabera, nikakijua Kiborana kabla ya kukijua Kimeru sawasawa. Ndiyo maana mwalimu wetu akanichukua. Alikuwa mwanajeshi mstaafu, fundi wa mawasiliano, na kwa vyuma vya kuokoteza alikuwa ameunda redio tatu za upepo, za kuongea na kusikia. Moja ilikuwa katika darasa tulilokutania kila Jumamosi mchana, ya pili kwa katekista mmoja Ngaremara, ya tatu katika duka moja kule Kulamawe. Ngaremara na Kulamawe hazikusikiana. Sisi wa mjini tulikuwa katikati, tunapokea huku na kupeleka kule.

Tulipokwenda Kulamawe kufundisha, mwalimu alieleza mambo yake kwa Kiswahili cha kambini, nami nikatafsiri. Watu walitutazama tu. Mwishowe mke wa mwenye duka, mama wa makamo aliyekuwa amekaa nyuma kabisa, akasema kwa Kiborana, "Kumbe ni kama kisimani."

Kwenye visima virefu watu husimama mmoja juu ya mwenzake, wakipokezana ndoo mpaka juu, na hakuna anayeuliza maji haya ni ya ng'ombe wa nani. Nilipomtafsiria mwalimu, alicheka kwa furaha. "Huyu amenishinda kufundisha," alisema. "Redio ashike yeye."

Alishika, na alikuwa hodari kuliko sisi sote. Sauti yake haikuwa na haraka. Alisema neno, akasubiri, akasema jingine. Lakini mwenyekiti wa klabu, mwalimu mkuu aliyependa mihuri kuliko chaki, alikataa kumpa cheti. "Mtu hajui kusoma, cheti atakifanyia nini?" aliuliza mkutanoni. Mwalimu wetu alibishana naye mpaka akakohoa. Mimi sikusema kitu. Changu nilikuwa nimeshakitia fremu.

Baadaye mwalimu akaugua, akarudi kwao Kitui, na klabu ikabaki mikononi mwa mwenyekiti. Sheria ya kwanza aliyoitoa ni kwamba asiye na cheti asijibiwe hewani.

Ukame ukaja. Mifugo iliisha, watu wakawa wanaishi kwa mahindi ya msaada yaliyoletwa kwa lori. Wakati huohuo mwenyekiti alipata habari kwamba mkubwa mmoja atatutembelea, akatuita Jumamosi kufanya mazoezi. Alitaka mgeni asikie sauti ya Ngaremara ikija safi. Nilikaa mezani, yeye akasimama nyuma yangu.

Tulikuwa tumemwita katekista mara mbili pale sauti ya Kulamawe ilipoingia.

"Isiolo, Isiolo. Salaam aleikum. Nina neno la Ngaremara. Ova."

Nilibonyeza kitufe. Mwenyekiti akanishika bega.

"Ana cheti?"

"Hana, mwenyekiti."

"Basi?"

Nikaachilia kitufe. Yule mama akasubiri kidogo, kama desturi yake, kisha akaendelea kwa Kiborana. Alisema mahindi ya lori la juzi ni mekundu. Ni ya mbegu, yamepakwa dawa ya wadudu. Kuku wake walikula, wakafa wote. Dereva alikuwa amemwambia magunia mengine yanapelekwa Ngaremara. "Waambie wasile. Hata wakiosha, wasile. Ova."

"Anasema nini?" mwenyekiti aliuliza.

Nilimweleza. Nataka ieleweke kwamba nilimweleza yote.

Alifikiri kidogo. "Hayo ni maneno ya sokoni," akasema. "Tukitangaza kwamba chakula cha serikali ni sumu, na mgeni anakuja, nani atafungwa? Wewe au mimi? Mwite Ngaremara, muulize kama anatusikia vizuri."

Nikamwita, mara mbili zaidi. Nikamuuliza kama anatusikia vizuri. Akasema anatusikia vizuri sana.

Nilikwenda nyumbani, nikapika, nikala. Nilijiambia kwamba watu wa Ngaremara wana macho, wataona rangi. Sikuhesabu njaa. Jumatatu nikasikia ofisini kwamba watoto wa huko wameletwa hospitali wakitapika na kutetemeka. Wengi walipona. Msichana mmoja aliyekuwa ameanza darasa la kwanza hakupona.

Katekista alikuja mjini kumzika yule msichana. Nilimkuta nje ya hospitali, kofia mkononi. Alikuwa ameshasikia kwamba Kulamawe walijua mapema.

"Dada," aliniambia, "nilikaa kwa ile redio tangu saa sita. Mliniita mara nne."

"Ndiyo."

"Mara nne mliniuliza kama nawasikia."

Akavaa kofia yake, akaenda zake. Afadhali angenitukana.

Mgeni alikuja wiki hiyohiyo. Ngaremara haikujibu, mwenyekiti akasema betri imeharibika huko. Mgeni akampongeza kwa juhudi zake, tukapigwa picha. Mimi nimo katika picha hiyo, na ninatabasamu.

Ilinichukua karibu mwezi kupata ujasiri wa kwenda Kulamawe. Yule mama alinikaribisha vizuri, akanipa chai, akaniuliza habari za wazazi. Nilianza kumwambia kwamba siku ile hewa ilikuwa mbaya, sauti yake ilikatikakatika.

"Ulibonyeza," akasema.

"Nini?"

"Mtu akibonyeza, huku inalia *tss*. Nilisikia ukibonyeza, nikasikia ukiacha. Mwalimu alinifundisha hiyo mwenyewe." Akanimiminia chai zaidi. "Nilijua uko. Ndiyo maana nilisema polepole."

Nilitazama redio kwenye rafu, kati ya sabuni na majani ya chai. Alikuwa ameifunika kwa kipande cha leso.

"Ichukue uende nayo," alisema. "Mimi sina kazi nayo tena."

Sikuichukua. Nilirudi na kumweleza mwenyekiti kwamba Kulamawe hakuna tena mtu wa redio. Hakusumbuka. Alimteua mume wa yule mama, mwenye duka, aliyejua kusoma lakini hakuwa amewahi kugusa kitufe kile. Cheti chake nilikipiga chapa mimi mwenyewe, siku ya kazi, kwa mashine ya ofisi.

Yule bwana alituita mara moja tu, akasema "halo, halo" mpaka akachoka. Tulipomjibu hakujua kwamba lazima aachilie kitufe ili atusikie. Nyuma yake tulisikia watu wakiongea dukani, na sauti ya mkewe, tulivu kama siku zote, ikimuuliza mteja anataka sukari kiasi gani.