Mchaichai wa Uani

Kila ninaposikia harufu ya mchaichai, namkumbuka binti aliyekuja Kariakoo na mama yake, baba alipooa mke wa pili. Uani kwetu palikuwa na makopo, majivu na magugu tu. Yeye alifagia, akamwaga kokoto, akapanda mishubiri na mchaichai, mimea isiyodai maji mengi, maana maji tuliyafuata kwenye bomba la mtaa.

Baba akahamishia kahawa yake huko. "Huyu mtoto ana mkono wa baraka," akasema. Mimi niliyemtekea maji ya kuoga kila siku hakuwahi kuniambia hivyo.

Adhuhuri moja nikaumwagia mchaichai maji ya moto niliyochemshia muhogo. Nilipogeuka, yule binti alikuwa mlangoni, ananitazama.

Jioni baba akauliza nani ameunguza mche.

"Ni mimi, baba," binti akajibu. "Nilimwaga maji ya moto bila kuangalia."

Baba akamwekea mkono kichwani. "Ahsante kwa kusema kweli, mwanangu."

Nikasimama pale, nikimwonea wivu hata kwa ule uongo wake.