Ratli za Wifi Yangu

Mwaka nilioshindwa kupiga magoti mbele ya baba mkwe ndio mwaka nilioanza kumwonea wivu wifi yangu. Mambo hayo mawili yalitokea siku moja, katika ua mmoja.

Tulikuwa tumetoka Geita, ambako mume wangu alikuwa fundi wa mashine mgodini, tukaenda kwao upande wa Shinyanga kuwasalimu wazee baada ya mavuno. Kwetu Usukumani mkwe hamwamkii baba wa mume wake akiwa amesimama. Anashuka, magoti yote mawili ardhini, macho chini, ndipo anafungua kinywa. Mimi nilifika nusu. Goti la kulia lililia kama ukuni mkavu unaovunjwa, nikashika nguzo ya nyumba, nikabaki pale pale, si wa kusimama wala wa kukaa.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba." Mzee alinitazama, kisha akamgeukia mwanawe. "Huyu uliyeniletea ni mkwe, au ni mke wa Bwana Shauri, yule Mzungu wa bomani?"

Watu wakacheka. Nyuma yangu wifi yangu, dada wa mume wangu, akashuka chini polepole kama mtu anayetua mtungi uliojaa, bila kuguna. Na mwili wetu ulikuwa mmoja! Nguo zangu zilimtosha na zake zilinitosha. Yeye alikuwa mjane asiye na mtoto, na safari ile tulikuwa tumekwenda pia kumchukua aje kuishi nasi Geita. Nilimtazama alivyoinuka na kukung'uta vumbi magotini, nikamchukia kwa muda mfupi sana.

Lazima nieleze kwamba enzi zile unene haukuwa aibu. Mwanamke mnene alikuwa tangazo la mume wake. Kambini Geita walipotuona mimi na wifi tukienda kisimani walituita mapacha, na mume wangu alitembea kifua mbele. Lakini mimi kilima cha kisima kilikuwa kinanishinda, na kanisani nilikaa wakati wenzangu wamepiga magoti, nikijifanya namnyamazisha mtoto.

Nikaenda zahanati ya misheni kuomba dawa. Wifi alinisindikiza kwa sababu alichoka kukaa peke yake. Nesi wa pale alikuwa Mhaya, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini na mikono mikubwa. Aliyabonyeza magoti, akasikiliza moyo, akaniuliza kama ninahema nikipanda kilima.

"Nahema hata nikishuka," nikasema.

"Dawa ya kuchua nitakupa, mama. Lakini magoti haya yamechoshwa na mzigo. Tuupunguze mzigo."

"Watu watasema mume wangu hanilishi."

"Mwambie aje, nitazungumza naye mimi. Na wewe sitakuacha ufanye kazi hii peke yako. Kila siku ya gulio utapita hapa tuone tumefika wapi."

Wifi akadakia, "Na mimi je? Sisi si mapacha?"

Zahanati ilikuwa na mizani ya watoto wachanga tu. Nesi akatuchukua mpaka ghala la pamba lililokuwa jirani, akamwomba karani aondoe magunia kwenye mizani, tukapanda mmoja mmoja, na karani akasogeza jiwe la mizani huku akitazama pembeni kwa adabu. Wifi alinizidi ratli chache. Nilifurahi, tena sana, na nilijitahidi isionekane.

Masharti ya nesi hayakuwa makali. Ugali kadiri ya ngumi yangu mwenyewe. Mlenda na mchicha nile nishibe. Samli niiweke mbali. Michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa ambavyo nilivichemsha na kuvila asubuhi na jioni, iwe mara moja kwa wiki. Maji nikateke mwenyewe, kwa mwendo wangu, na kupumzika njiani si dhambi. Alikuja hata nyumbani, akakaa jikoni kwangu kwenye kigoda, tukapika pamoja. Mume wangu alipoanza kunung'unika kwamba nyumba yake itaonekana ina njaa, nesi akamuuliza, "Mashine ikibebeshwa kuliko nguvu zake, fundi, unafanyaje?" Mume wangu akakuna shingo. Tangu hapo hakunung'unika tena, ingawa hakupenda.

Mwanzoni nilipungua. Nesi alipiga makofi ghalani mpaka karani naye akatabasamu. Kisha nikakwama. Gulio lile, gulio lililofuata, jiwe la mizani lilisimama pale pale kama punda aliyegoma.

Wifi naye, ambaye kwanza hakupungua hata kidogo, akaanza kuyeyuka.

Sijui neno jingine la kutumia. Mashavu yalikwenda, kisha mikono, kisha kiuno kikaonekana ambacho sidhani kama marehemu mumewe aliwahi kukiona. Kanga iliyomzunguka kwa shida sasa ilimzunguka na kubaki. Alipeleka magauni kwa fundi cherehani yakapunguzwe. Wanawake wa kisimani, ambao ni mimi niliyewaeleza habari za nesi na ngumi ya ugali, wakawa wanamuuliza yeye siri. Dereva mmoja wa lori la mgodi, mtu asiyewahi kusimamisha lori mlangoni kwetu, akasimama siku moja na kuteremsha samaki aina ya sato waliofungwa kwenye majani.

"Ni wa nani?" nikauliza.

"Wa dada," akasema dereva, akitazama nyuma yangu.

Jioni ile mume wangu alisema, mbele ya sahani ya samaki hao hao, "Dada amerudi usichana." Nilingoja aseme na langu. Akaomba chumvi.

Nesi alipomuuliza wifi anakula nini, wifi alijibu, "Kama ulivyotuagiza." Mimi niliyesimama kando nilijua si kweli, kwa maana niliishi naye. Wifi alikula! Alikula ugali wake, akasafisha sufuria, na mchana nilimkuta akitafuna michembe mikavu kutoka kwenye kapu. Maji aliyanywa kama mtungi ulio na tundu chini. Mimi nililala na njaa yangu ya adabu, nikiwaza mboga, na mizani haikunitambua. Yeye alijishibia, na mizani ikamtukuza.

Nikaanza kumchungulia. Niliona anakwenda uani kila baada ya muda mfupi. Niliona kwamba nyuma ya ua, pale alipozoea kujisaidia haja ndogo, sisimizi walikuwa wamejipanga mstari mweusi kutoka kichakani. Nikasema moyoni, nimempata. Amezika dawa pale. Amekwenda kwa mganga wa kienyeji, amepewa kitu cha kumkausha, na mimi ananiacha na mchicha.

"Wifi," nikamwambia tukichambua mchele, "hiyo dawa nigawie na mimi."

"Dawa gani?"

"Hiyo."

Akacheka. "Ni Mungu tu, wifi yangu."

"Basi Mungu wako ana upendeleo."

Hakucheka tena. Alikuwa amechoka siku zile, analala hata mchana, na mimi niliona ni maringo ya mtu aliyepata anachotaka.

Baada ya hapo nikaacha. Nilichemsha chungu kizima cha michembe, nikapondea karanga, nikala mpaka nikaona sehemu ya chini ya chungu. Kesho yake nikafanya hivyo hivyo. Sikwenda zahanati gulio lile wala lililofuata. Nilisema nina kazi.

Nesi alikuja mwenyewe, mwavuli mkononi, viatu vimejaa vumbi. Wifi alikuwa amekwenda dukani. Nesi akakaa kwenye kigoda chake cha siku zote, akatazama chungu.

"Nimekukosa," akasema.

"Nimekula, nesi. Sifai. Nikija utaniona nimeongezeka."

"Nani alikuambia uje ukiwa umepungua tu? Njoo hata ukiwa umekula. Njoo hasa ukiwa umekula, maana siku hiyo ndiyo unanihitaji. Aliyepungua hana shida na mimi."

Nilianza kulia, na kilio kile kikatoka na mengine yote. Nikamwambia si haki. Nikamwambia yule anayempigia makofi anamdanganya. "Anakula kuliko mimi! Amemaliza kapu la michembe. Mtungi wa maji anaumaliza peke yake, na kutwa nzima yuko uani. Ana dawa amezika pale nyuma, nenda ukaone sisimizi walivyojaa. Halafu sifa zote ni zake."

Nilitegemea anibembeleze. Badala yake alikuwa ameacha kunisikiliza. Macho yake yalikuwa kwenye mtungi.

"Anakunywa maji mengi? Tangu lini?"

"Tangu alipoanza kupendeza."

"Nionyeshe hao sisimizi."

Nikamwonyesha. Aliinama, akatazama, akasimama na kufuta mikono kwenye aproni ingawa hakugusa kitu. "Mlete kwangu kesho asubuhi, mapema. Usimtishe. Nami nilipaswa kuliona hili kabla yako."

Asubuhi nesi alimpa wifi kopo, kisha akatia mkojo kidogo kwenye kichupa chembamba cha kioo pamoja na dawa ya buluu, akakipasha juu ya taa ya spiriti. Tulisimama tukitazama. Buluu ikawa kijani, kijani ikawa manjano, kisha ikawa nyekundu kama tofali jipya. Ilikuwa rangi nzuri, na sijaisahau.

"Ni kisukari," nesi akasema, akamshika wifi mkono. "Mwili wako unakula na chakula kinapita. Unajila mwenyewe, mama. Lakini ipo sindano yake, na tutakwenda kuitafuta."

Kwa hiyo hicho ndicho nilichokuwa nimekitamani.

Walimpeleka Mwanza, lori mpaka ziwani, kisha pantoni, nesi akiwa amekaa naye njia nzima. Mimi na mume wangu tulifuata siku chache baadaye. Baba mkwe alikuja kwa treni kutoka Shinyanga. Tulimkuta kwenye baraza ya wodi, kofia mkononi, na wifi amelala karibu na dirisha na sura ya mtoto.

Nilimwendea mzee. Sikufikiria. Nilishuka, goti la kushoto kwanza kama nesi alivyonifundisha, kisha la kulia, na yote mawili yakagusa sakafu ya saruji. "Shikamoo, baba."

"Marahaba," akasema mzee. Macho yake hayakutoka kwenye kitanda.

Nilikaa pale chini kidogo kuliko ilivyohitajika. Hakuna aliyeona. Mume wangu alikuwa ameshika mguu wa dada yake kupitia shuka, nesi alikuwa akizungumza na daktari. Pale, mbele ya mgonjwa, nilihisi wivu ule ule, mdogo na mkaidi, kwamba hata siku hii ni yake. Kisha wifi akanyoosha mkono, akaniita.

"Nesi amenieleza," akasema kwa sauti ya chini. "Ulinisengenya vizuri, wifi. Ungenipenda zaidi ningekufa."

Tulicheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akauliza kuna nini.

Aliporudi Geita, chupa ya insulini tuliiweka kwenye chungu kidogo kilichofukiwa katika mchanga wenye maji, kivulini, isiharibike kwa joto. Kazi ya kuchemsha bomba la kioo na sindano kila asubuhi ilikuwa yangu. Yeye alijichoma pajani, akiuma kona ya kanga. Na kila gulio tulikwenda ghalani. Sasa yeye alitakiwa kupanda na mimi kushuka, nesi akawa anatupigia makofi wote wawili kwa sababu tofauti. Mimi nilishuka ratli moja, nikapanda nusu, nikashuka tena. Nilikwenda nikiwa nimekula na nikiwa sijala. Nesi hakuchoka, au alichoka na hakuonyesha. Siku wifi alipoongezeka na kupongezwa kwa kunenepa, nilimnong'oneza karani kwamba dunia hii haina mizani. Akasema hiyo si kazi yake.

Dereva wa lori alimwoa. Alikuwa ameelezwa habari za sindano akasema hata lori linahitaji maji kwenye rejeta kila siku. Harusi ilifanyika nyumbani kwetu, baada ya mauzo ya pamba. Wifi alikuwa amenawiri, gauni limemjaa mabegani, na wageni hawakuwa na jingine la kusema. Nesi alimkataza kucheza sana, asije akaishiwa nguvu, kwa hiyo bibi harusi alikaa kwenye kiti chake na kikombe cha uji.

Mimi nilicheza. Nilikuwa bado mnene, msidhani nilikuwa mwanzi. Lakini nilishuka na ngoma mpaka chini na kupanda nayo, wanawake wakapiga vigelegele, jasho likalowesha kanga yote mgongoni. Nilipokwenda kukaa karibu na wifi, alikuwa akinitazama kwa jicho ambalo mimi nililijua kuliko mtu yeyote.

"Wifi," akasema, "leo umenitia wivu."

Nikajifanya ngoma imenizuia kusikia. Nilitaka aseme tena.