Fundi Sikio na Kijiko Kilichochoka

Fundi Sikio hakupewa jina hilo bure. Mafundi wenzake pale machimbo ya kokoto walilazimika kufungua mashine ndipo wajue inaumwa nini. Yeye aliinamisha kichwa, akafumba jicho moja, akaisikiliza, akatoa hukumu. Kwa miaka ishirini na sita hukumu zake hazikukatiwa rufaa, na mwenyewe hakuwa mtu wa kuficha sifa zake.

Jumatatu asubuhi msimamizi alimwita. Kijiko, ile mashine ya kuchimba inayotembea kwa minyororo, siku hizi kilikuwa kikijikongoja kutoka shimoni hadi kwenye mtambo wa kusaga mawe. Dereva alidai kinaumwa. Msimamizi alidai mgonjwa ni dereva, na ugonjwa wenyewe ni uvivu. Sikio akakiwasha, akakizungusha uwanjani mara mbili, akasikiliza.

"Kizima," akasema. "Hakina neno."

"Basi huyo dereva, mchana haumkuti hapa kazini," akasema msimamizi.

Sasa, dereva huyo alikuwa mkwewe Sikio, mume wa kitinda mimba wake. Ndiyo maana mzee alikata maneno haraka hivyo: asije akaambiwa anambeba mkwe. Watu wengine huogopa upendeleo hadi wakadhulumu.

Kijana hakumlaumu. Alimfuata karakanani, akasimama mlangoni kwa adabu.

"Baba, umekisikiliza kikiwa baridi. Njoo tukae wote saa moja tu. Ukiona nasema uongo, nitaondoka mwenyewe."

Wakapanda. Nusu saa ya kwanza kijiko kilikwenda mbio, na Sikio akaanza kutabasamu kwa kejeli. Kisha mwendo ukapungua, ukapungua tena, na pampu ikaanza kulia kwa sauti nyembamba. Tabasamu likamtoka.

"Mguu upi unachelewa, mnyororo wa kulia au wa kushoto?" akauliza.

"Yote miwili, sawasawa. Nikizima dakika kumi, kinapona. Halafu baadaye yale yale."

Mzee akapiga hesabu. Mguu mmoja ukichelewa, ulizia mguu huo. Ikichelewa yote miwili, ulizia inachokula pamoja: mafuta ya pampu. Kitu kilikuwa kinaziba mdomo wa pampu kila inapovuta mafuta, na mashine ikizimwa kinaachia.

Wakamwaga mafuta ya haidroli, yale ya pampu inayosukuma minyororo, kwenye pipa, wakafungua tangi. Sikio akaingiza mkono hadi begani, akapapasa kwenye chujio la chini, akavuta. Kikatoka kitambaa cha kijani chenye maua meupe.

Kilikuwa kipande cha pazia kuukuu la sebuleni kwa Sikio. Mkwewe alilijua vizuri mno; siku aliyokuja kuposa alilikodolea macho saa nzima kwa haya ya kumtazama mzee. Na ni Sikio peke yake aliyekuwa na tabia ya kuzibia mdomo wa tangi kwa tambara kati ya dumu na dumu anapoongeza mafuta, vumbi lisiingie. Wiki iliyopita alizibia, akalisahau, likazama.

Msimamizi alikuwa anakuja, hatua thelathini hivi.

"Baba," kijana akanong'ona, "sema ni uchafu tu."

Uchafu ndani ya tangi ni kosa la dereva. Wote wawili walilijua hilo.

"Na wewe je?"

"Mimi bado kijana. Nitapata kazi kwingine. Wewe umebakiza miaka miwili ustaafu."

Sikio aliona aibu ambayo hakuwahi kuionja maishani. Akalikunjua lile tambara, mafuta yakimchuruzika hadi kwenye kiwiko, akamngojea msimamizi afike.

"Ni langu," akasema. "Nimelisahau mwenyewe. Na asubuhi nilitoa hukumu kabla ya kumsikiliza dereva. Huyu alisema kweli tangu mwanzo."

Barua ya onyo iliandikwa siku hiyo hiyo, ya kwanza katika maisha yake, na mkwewe akabaki kazini. Siku hizi mzee akimaliza kuongeza mafuta, kijana humnyooshea kiganja, naye Sikio humkabidhi tambara lake, kisha husubiri aruhusiwe kufunga kifuniko.