Maziwa ya Baba

Unga wa mbao za mninga unachoma ndani ya pua kama pilipili manga iliyotwangwa sasa hivi, na mimi nimekua nao kila mahali: kwenye mashuka, kwenye wali, kwenye mistari ya nywele zangu nikisukwa. Banda la baba la useremala lilikuwa uani kwetu, Bagamoyo, limeegemea ukuta wa jiko, kwa hiyo mama alikuwa anapika huku kidogo na kukung'uta huku kidogo. Mimi sikuwa mtoto wa kutulia. Mama aliniita kiguu na njia, na hakunisingizia, maana nilikuwa nikitumwa chumvi dukani narudi nimeshapita ufukweni, nimeshapita sokoni, na chumvi nimeisahau. Lakini masika ninayoyasimulia hapa yalinirudisha nyumbani. Sikuwa napenda kurudi. Nilirudi kwa sababu ya kikohozi cha baba.

Baba alikuwa fundi wa milango ya nakshi, na juu ya hapo alikuwa mwadhini wa msikiti wa mtaani kwetu. Adhana ya alasiri ilikuwa yake. Jamani, mtu yule alikuwa na pumzi! Alikuwa akiivuta adhana mpaka wanawake bombani wanatua ndoo chini na kutazamana, mmoja anasema, "Leo Baba Zuhura kaivuta hasa." Zuhura ni mimi. Nilikuwa nikivimba kichwa kana kwamba nimeadhini mwenyewe. Nikigombana na wenzangu kwenye mchezo wa rede, nilikuwa na jibu moja tu: baba yako anaweza kuadhini kama baba yangu?

Zamani baba alikuwa anapiga msasa kwa mkono, nje, upepo wa bahari unabeba unga na kuupeleka kwa majirani, na majirani wanalalamika. Mwaka ule akapata mashine ya msasa ya umeme. Wakati huohuo mfanyabiashara mmoja wa Kihindi, mwenye duka la vitambaa mjini, akamwagiza mlango mkubwa wa nakshi, maana mwanawe alikuwa anaoa na bibi arusi lazima aingie kwa mlango mpya. Halafu mvua ikaanza. Umeme na maji havipatani, basi baba akalizungushia banda turubai pande zote, akalifunga kwa kamba mpaka chini, akajifungia humo na mashine yake. Ukichungulia ulikuwa huoni mtu. Unaona taa, na kuizunguka taa ukungu mwekundu, na ndani ya ukungu mashine inalia. Kitambaa cha kufunga puani alikuwa nacho, lakini kilikuwa kinamtelemkia shingoni, naye anakiacha hukohuko, anasema kina joto.

Na kwa nini ahangaike na kitambaa, wakati dawa ilikuwepo? Dawa yenyewe maziwa. Mafundi wote kwetu waliamini hivyo, wa mbao, wa saruji, mpaka wale wa mashine za kusaga unga: jioni ukinywa maziwa, vumbi linateleza lenyewe, linatoka. Kwa hiyo kila jioni baba alikuwa na kikombe chake kikubwa cha maziwa ya moto, na sisi watoto tulikuwa na chai ya rangi. Nilikuwa nakikodolea macho kikombe kile bila haya. Nikimwomba ananiuliza, "Wewe umepiga msasa leo?" Kisha anacheka, na kicheko kinageuka kukohoa. Kikohozi kikavu, kifupi, kisichotoa kitu. "Vumbi linatoka hilo," anasema, kama mtu anayetoa habari njema. Mimi nilikuwa nakimbilia barazani, nikifika barazani siwezi kukaa, narudi kusikiliza kama amenyamaza. Roho ilikuwa juu siku nzima na sikujua ni kwa nini.

Nikajua alasiri moja, tukiwa tunacheza rede baada ya mvua kukatika. Spika ya msikiti ikakoroma, sauti ya baba ikapanda. Akaivuta kama kawaida yake, na katikati ikakatika. Kikatoka kikohozi, kwenye spika, mtaa mzima ukisikia, kikohozi juu ya kikohozi, mpaka mkono wa mtu ukaizima. Ikawashwa tena. Halafu ikaja sauti nyembamba ya kijana fulani, akaimalizia. Mpira ulikuwa mkononi mwangu na wenzangu wote walikuwa wananitazama. Niliona aibu, nikaona hasira, nikautupa mpira sijui wapi nikakimbia nyumbani. Mama alikuwa amesimama jikoni, mwiko mkononi, na wali ulikuwa unaungua.

Baba alirudi. Akapita uani, akaingia bandani, akawasha mashine. Eti mlango una haraka! Mama akalitazama lile turubai, kisha akamimina maziwa kwenye kikombe cha baba, akaingia nayo, akayaweka wazi kwenye meza ya kazi karibu na ule mlango wa nakshi. Akatoka. Akanishika mkono, tukasimama nje kwenye upenyo. Mashine ililia weee, mpaka baba akachoka, akaizima, akanyoosha mkono kuchukua kikombe. Maziwa yalikuwa yamevaa ngozi nyekundu ya unga, nene, hata weupe hauonekani.

"Nani kaacha maziwa wazi?" baba akauliza. "Yamejaa vumbi haya, hayanyweki."

"Na wewe nani kakufunika?" mama akasema. "Hayo yamekaa humo kitambo kidogo tu. Wewe unakaa humo kutwa. Na ukiyanywa yanakwenda tumboni, Baba Zuhura. Kifuani yatafika kwa njia ipi?"

Mama akaanza kufungua kamba za turubai, nami nikamsaidia, nikizing'ata kwa meno pale vidole viliposhindwa. Mlango ulimaliziwa barazani, kwa msasa wa mkono, upepo ukipita, na bibi arusi akaingia mlango haujapakwa vanishi.

Hospitali daktari alisema kilichokwishaingia hakitolewi kwa maziwa, kazi iliyobaki ni kuzuia kingine. Akamtaka avae barakoa ya mafundi, ile inayobana uso pande zote. Ila baba alikuwa na ndevu, ndevu za sunna, alizozilea tangu ujanani, na barakoa ilikuwa inakaa juu ya ndevu ikiacha mwanya wa kupita kidole. Mama alimbembeleza anyoe mpaka akachoka. Hakunyoa. Adhana akapewa yule kijana kwa muda, na huo muda haujaisha mpaka leo.

Sasa nami ni seremala, hapa Kerege, natengeneza vitanda na makabati. Karakana yangu haina ukuta upande wa upepo. Sifagii pakavu, nanyunyiza maji kwanza, na nguo za kazi haziingii ndani ya nyumba. Barakoa inaniachia alama mashavuni, wateja wananitania kwamba nakwenda mwezini, na mimi nawajibu kwa ukali kuliko inavyostahili. Mama ametangulia mbele ya haki. Baba naishi naye. Kila jioni nampelekea maziwa, nimeyafunika kwa kawa, naye anakunywa akiamini vilevile, na mimi sibishani naye tena.

Alasiri anaadhini. Anaadhini akiwa amekaa kwenye kiti chake barazani, polepole, kwa sauti isiyofika hata barabarani. Mstari mmoja, anapumzika. Mstari wa pili, anashika magoti, anapumzika. Mimi nazima mashine, navua barakoa, nasimama, na miguu yangu haitulii, inataka kumkimbilia na inataka kukimbia. Msikiti wa hapa jirani unaanza pamoja naye, unamaliza, watu wanakwenda zao kuswali, na yeye bado yuko katikati. Siwashi mashine mpaka afike mwisho.