Wimbo wa Tatu

Je, wimbo wa mapenzi ukivuliwa maneno yake na kuvishwa zaburi, unakuwa mtakatifu? Nilikuwa na miaka kumi swali hilo liliponinyima raha.

Yote yalianza na harufu ya vumbi lililopata joto. Mama alikuwa amenunua redio ya diski kwenye duka la mitumba hapa St Marys, kitongoji chetu cha Australia, na tulipoichomeka jikoni ilinuka kama pasi iliyokaa kabatini miaka mingi. Ndani mlikuwa na diski ambayo mwenye redio wa kwanza aliisahau. Mama akabonyeza, aone tu kama inafanya kazi. Likaanza gitaa la polepole, piano ikalifuata, kisha sauti za wanaume zikapanda moja juu ya nyingine, laini kama siagi juu ya mkate wa moto. Ilikuwa roki ya zamani, ile ya taratibu ambayo wazee wa Kizungu huisikiliza wakiosha magari. Sikuwahi kusikia kitu cha namna ile. Kwetu zilipigwa nyimbo za injili tu.

Baba akaingia na fulana yake ya kazi ya rangi ya chungwa, akitoka ghalani Wetherill Park. "Mama Neema, mambo ya dunia hayo yameingiaje humu?"

"Yamekuja bure na redio," Mama akasema. "Kaa ule."

Hakukaa. Baba alikuwa mwalimu wa kwaya tangu kambi ya wakimbizi kule Tanzania, na mkono wake wa kulia ulishaanza kuhesabu mapigo. Wimbo wa tatu ulipokwisha alisema, "Hebu rudisha. Hawa watu wanajua kugawa sauti."

Basi miezi ile ya baridi tuliisikiliza albamu nzima kila jioni, maharage yakichemka, Baba akinifundisha sauti ya pili. Kambini ilikuwa desturi: tuni nzuri ikipita, kwaya huivisha maneno ya Mungu. Wimbo wa tatu ukapewa zaburi ya mchungaji.

Mwenye shida nilikuwa mimi. Kiingereza cha Baba, kwa nilivyojua, kilikuwa cha kazini: pandisha, shusha, saini hapa. Mimi nilielewa kila neno. Yule mwimbaji alikuwa akimbembeleza mke wa mtu aache dirisha wazi. Nikisema, diski itatupwa. Nisiposema, kanisa zima litaimba uzinzi. Nikanyamaza. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu, nami nikaungoja huo mshindo.

Jumapili ilipofika tuliimba. Nyuma alisimama mzee Mwaustralia aliyetunza jengo, midomo yake ikifuatisha maneno ya zamani, akitabasamu. Mbingu hazikupasuka. Kina mama walipiga vigelegele, nami nikaimba sauti yangu hadi mwisho.

Leo albamu ile ninayo kwenye simu. Nimesoma chuo, nimejifunza kutilia shaka karibu kila kitu, na masikioni mwangu nyimbo mbili tatu zina sukari kupita kiasi. Lakini naisikiliza peke yangu kwenye treni, na hakuna anayenigawia sauti.

Mwaka jana, mezani kwa wazazi wangu, niliungama. Baba alicheka mpaka akavua miwani. Kumbe kabla ya mazoezi ya kwanza aliipeleka diski kazini, dereva wa foklifti akamfafanulia wimbo wa tatu mstari kwa mstari, na majira yale yote aliomba nisije nikayaelewa maneno nikakataa kuimba.