Doa la Mafuta Kwenye Daftari la Mzee Amirali

Nakumbuka siku ile, mwanangu, kwa harufu ya iliki. Nilikuwa stoo, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi la Mzee Amirali kule Unionville, pembeni mwa Toronto, nafungua maboksi ya rangi. Mama Gulu, mkewe, alikuwa ametuachia chupa ya chai ya maziwa juu ya meza. Nje mvua ya Mei ilikuwa inanyesha taratibu. Mzee akaingia na bahasha mkononi, hata koti hakuvua.

"Masanja," akaniambia, "wamenipa."

"Wamekupa nini, mzee?"

"Kondoo."

Wewe ulikuwa na miaka miwili, unakimbia kwenye korido ya ghorofa yetu Crescent Town na kiatu kimoja. Ulikuwa mwaka 2004. Jana ulinisogezea ile karatasi ya shule yako, ya masaa ya kujitolea wanayoyadai kabla ya kuhitimu, ukaniomba nisaini kwamba umeyamaliza yote arobaini. Nilikuuliza kama ni kweli, ukaniambia kwa Kiingereza kwamba kila mtu hufanya hivyo. Sikukasirika. Niliiweka karatasi juu ya friji nikaenda kulala, na leo nimekaa kukuandikia badala ya kukusemesha, maana nikisema utanikatiza. Vumilia Kiswahili changu. Ukikwama, muulize mama yako.

Mzee Amirali alizaliwa Tabora. Baba yake alikuwa na duka huko, na yeye tangu ujana alipenda kuwinda kuliko kuuza. Mimi ni wa Nzega, jirani kabisa. Siku ya kwanza nilipoingia dukani kwake kuomba kazi, theluji imenijaa mabegani, aliniuliza kwetu ni wapi, kisha akanisalimu kwa Kinyamwezi. "Mwangaluka." Nilikuwa sijasalimiwa hivyo tangu nipande ndege. Nilifanya kazi kwake miaka tisa.

Kondoo aliyemsema si huyu wa kufugwa. Ni kondoo mwitu wa jangwani, anayeishi kwenye milima mikavu kusini-magharibi mwa Marekani. Dume lake lina pembe nene zilizojikunja mpaka karibu na mashavu, na linatembea ukutani mwa mwamba kama wewe unavyotembea sebuleni. Kumwinda kunahitaji kibali, na vibali ni vichache, hutolewa kwa bahati nasibu. Mzee alikuwa ameomba kila mwaka kwa miaka kumi na minne. Na sheria ya jimbo alikoomba ilikuwa kwamba ukipewa, umepewa mara moja tu maishani. Upate kondoo au ukose, hutaomba tena. Alikuwa na miaka sitini na tisa.

"Miguu yangu itapanda siku kumi," aliniambia. "Lakini haitapanda mara mbili. Nahitaji mtu wa kwenda kabla yangu akaujue mlima. Utakuwa macho yangu."

Nilisema ndiyo kabla hajamaliza. Nilikuwa na miaka thelathini na minne na nilijiona mtu wa maana sana.

Tukaanza kujiandaa. Mimi nilipanda ngazi za jengo letu kila jioni, kutoka chini mpaka ghorofa ya mwisho, mfuko wa mchele wa kilo ishirini mgongoni. Jirani yetu Mama Njeri, yule nesi Mkenya, alinikuta siku moja nimeshika ukuta nahema.

"Wee Masanja, lifti imekufa ama?"

"Inafanya kazi. Najiandaa kuwinda kondoo."

Akaniangalia mimi, akauangalia mchele. "Na ukimpata utampikia pilau hapo hapo? Haya, panda baba, panda."

Jumapili, nikitoka kanisani, Mzee alinichukua kwenye bonde la Mto Don na darubini yake. Tulikaa kwenye gogo kutazama mteremko wa ng'ambo, kwa saa mbili au tatu, tukitafuta paa. Mimi nilichoka baada ya dakika kumi. Yeye alikuwa anatazama kipande kidogo, anakimaliza, anahamia kingine, kama mtu anayesoma mstari kwa mstari. Akanipa daftari jeusi lenye jalada gumu. "Andika unachokiona," alisema. "Na usichokiona uandike pia. Usichokielewa ndiyo kabisa usikiache." Nilidhani ni maneno ya uzee.

Mwishoni mwa Agosti alinikatia tiketi nikaenda peke yangu, siku saba. Alinipa ramani. Juu yake alikuwa amezungushia duara la penseli nyekundu, nyuma ya mgongo mrefu wa mlima. "Upande wa huku, wa barabara, wawindaji wote wataufika," aliniambia. "Mimi nataka kujua kilichoko nyuma ya mgongo huu. Usirudi bila kuniambia."

Siku tatu za kwanza nilifanya kazi, na hilo nalisema bila aibu. Joto lilikuwa kama mdomo wa tanuri. Niliandika kila kitu. Majike sita chini ya mwamba mwekundu. Madume mawili madogo kwenye dimbwi. Nimesikia mawe yakiporomoka asubuhi, sijaona kitu, sielewi. Jasho lilidondokea wino, kurasa zikawa na mawimbi.

Siku ya nne maji yaliniishia, nikateremka mpaka mji wa karibu kununua. Nikiwa kwenye kituo cha mafuta nikasikia mtu anaongea Kisukuma kwenye simu. Mwanangu, wewe umezaliwa hapa, huwezi kujua. Nilisimama na madumu yangu nikasahau nilichofuata. Alikuwa dereva wa malori, mwenyeji wa Mwanza, jina lake Kulwa. Alipokata simu nilimsalimu, naye akanishika mkono hakuniachia.

"Unalala wapi?"

"Mlimani, kwenye hema."

"Hema? Msukuma mwenzangu anilalie porini kama fisi na mimi nina nyumba?"

"Mimi Mnyamwezi."

"Mbaya zaidi. Mtani wangu kabisa. Kesho mwanangu anapata kipaimara, kuna mbuzi wawili. Ukiondoka bila kula nitakupigia simu kukutukana mpaka Toronto."

Nilijiambia nitakula tu, nirudi. Unazijua sherehe zetu, hakuna anayeaga mara moja akaondoka. Kesho yake ilikuwa kipaimara, kesho kutwa mabaki ya mbuzi, siku iliyofuata mama mkwe wa Kulwa alitaka nimweleze habari za Nzega kata kwa kata. Nilikuwa sijacheka hivyo kwa miaka mingi. Siku ya saba, nikingoja ndege, nilikaa jikoni kwa Kulwa, kitambaa cha plastiki mezani, sahani ya mifupa kando, nikafungua daftari. Nikajaza kurasa nne. Nilipanga maneno vizuri, tarehe zimenyooka. Kwenye ukurasa wa mwisho niliandika: Nimefika nyuma ya mgongo. Hakuna maji, hakuna nyayo, hakuna kinyesi. Hakuna kitu.

Nilijua kwamba ni uongo, lakini nilijipa moyo kwamba huenda ni kweli. Milima ilionekana mikavu. Kulikuwa na nini cha kuona?

Mzee alilisoma daftari mezani kwake, polepole, Mama Gulu akituongezea chai. Alipofika kwenye kurasa za mwisho alikaa nazo muda mrefu.

"Nyuma ulifika?"

"Nilifika, mzee."

Akafunga daftari, akaniuliza habari za mama yangu. Wiki iliyofuata, tukipanga misumari, aliniuliza tena, nikajibu vile vile. Mara ya tatu aliniuliza ndani ya ndege mwezi wa Novemba, bunduki iko kwenye mizigo, fomu zake zote zimegongwa mihuri. "Nilifika, mzee." Basi tukapiga hema upande wa barabara.

Siku tano tulitazama mwamba ule mwekundu. Majike, watoto, madume madogo yasiyofaa. Wawindaji wengine walikuwa wamekwishapita, wanyama wana wasiwasi. Mzee hakulalamika. Asubuhi alisali, akanywa chai, akapanda na fimbo zake mbili, akakaa na darubini mpaka macho yakamtoka machozi. Jioni ya siku ya tano alivua viatu nikaona soksi imegandamana na kidole kwa damu. Akawa anaibandua taratibu, anaimba wimbo wa zamani wa Tabora kwa sauti ndogo, makosa kibao.

Nikashindwa. "Mzee, sikufika."

Hakuinua kichwa. "Hukufika wapi?"

"Nyuma ya mgongo. Nilishuka mjini. Nilikutana na watu wa kwetu, wakanikaribisha kula."

Akamaliza kuivua soksi. Akaikunja. Kisha akachukua daftari kwenye mkoba wake, akafungua ukurasa ule na kuniwekea kidole pembeni, kwenye doa la mviringo, karatasi imekuwa kama kioo.

"Hiki nini?"

Nikasogea nikalitazama.

"Mafuta," akasema. "Tangu Unionville nimekuwa najiuliza, kijana wangu jangwani amechoma mbuzi gani." Akacheka kidogo, kweli akacheka, na kile kicheko kiliniumiza kuliko kofi.

"Kama ulijua, kwa nini hukuniambia?"

"Sikujua. Nilishuku. Nikakuuliza mara tatu, ukaniambia ulifika. Sasa mimi niuheshimu wasiwasi wangu au nikuheshimu wewe? Nilichagua wewe." Akavuta pumzi. "Kula na watu wako si kosa, Masanja. Hata mimi ningeenda. Ungeandika neno moja tu, sikufika, ningefurahi. Ningejua pa kuanzia. Wewe ulinifungia mlango, ukaniambia ni ukuta."

Asubuhi tukahamisha hema. Kwa vile sikuijua njia, ilituchukua siku tano. Mara mbili tuliishia kwenye magenge yasiyoshukika, ikabidi turudi. Nilibeba mizigo yake na yangu, na penye mawe nilimshika mkono kama ninavyokushika wewe kwenye barafu. Tulifika juu ya mgongo siku ya kumi, siku ya mwisho ya msimu, mchana umeshapita.

Nyuma kulikuwa na korongo refu, na chini kabisa maji yaling'aa. Ng'ambo, kwenye ukuta wa mwamba, alisimama dume mmoja. Sijui nikuelezeje. Pembe zake zilikuwa zimechakaa ncha, kifua kama cha fahali, na alikuwa ametulia kama mwenye nyumba aliyetoka kuota jua kibarazani. Kuzunguka kumfuata kulihitaji siku nzima. Tulibakiwa na saa mbili.

Mzee alilala kifudifudi nyuma ya bunduki. Nilimwona anapima, anashusha pumzi, midomo inaanza bismillahi. Kisha akaitoa risasi, akaitia mfukoni.

"Jaribu, mzee," nilimwomba. Nilikuwa nalia.

"Mbali mno. Nitamjeruhi tu, akafie huko peke yake." Akavuta darubini. "Njoo utazame. Njoo bwana, usinilie hapa, utaniharibia kioo."

Tukatazama kwa zamu mpaka jua lilipotua na msimu ukafungwa. Alisema neno moja tu. "Mashallah." Hatukurudi tena. Hakukuwa na kurudi.

Alinibakiza dukani mwaka hadi mwaka, na wewe unamkumbuka, ndiye aliyekuwa anakufichia pipi kwenye droo ya bawaba. Wala hakumsimulia mtu kisa kile. Wakimuuliza kuhusu kondoo alisema tulimwona, ni mzuri sana. Alipofariki, Mama Gulu aliniita akanipa daftari. Nilifungua ukurasa wa doa. Chini ya maneno yangu, hakuna kitu, alikuwa ameandika kwa penseli nyekundu: Tulifika wote wawili. Yupo.

Mwanangu, ninachokutakia ni hiki. Usijaze ukurasa wa siku ambazo hukuzitembea. Mtu atakayekusoma ataweka miguu yake pale ulipoandika, na huenda miguu hiyo ina safari moja tu. Ukichoka, andika kwamba umechoka. Ukienda sherehe, andika sherehe. Kuandika sikufika hakukupunguzii kitu. Kunamwachia mwenzako njia wazi. Na yule anayekupenda akikuuliza mara tatu, elewa kwamba anakufungulia mlango, pita.

Karatasi yako iko juu ya friji. Nimeweka kalamu kando yake. Andika masaa uliyofanya, hayo hayo, nami nitasaini kwa furaha. Yaliyobaki tutayamaliza wote; Jumamosi wanahitaji watu jikoni kanisani, na mimi najua kumenya viazi.

Mungu akupe nguvu ya kufika unakokwenda, binti yangu. Na siku usiyofika, akupe ulimi mwepesi wa kusema, na akukutanishe na watu watakaocheka kidogo, kisha wakushike mkono mwende wote. Amina.